Maneno ya Siwema Usingizini

Kigoma,
Jumapili, 14 Septemba 1997

Kaka yangu mpendwa Rodgers,

Shikamoo kaka. Natumaini wewe, wifi na watoto mnaamka salama, na kwamba kikohozi kimemwacha mama baada ya baridi ya Usangi kupungua. Kwa upande wangu mwili hauna shida. Joto la huku nimelizoea, samaki wao wa migebuka nimewazoea, hata vumbi la barabara ya Ujiji sasa nalivuta bila kupiga chafya.

Barua zako mbili nilizipata na sikuzijibu, naomba radhi. Katika ile ya pili umesema kijana wa Mchungaji alipita Kigoma, akaambiwa hospitalini kwamba Sista Aikande wa dawa za usingizi anahamishiwa zahanati ya Mwamgongo kwa sababu ya makosa, nawe ukaniuliza bila kuzunguka kama nimeua mtu. Hapana, kaka. Kwa sindano yangu hajafa mtu mwaka huu. Lakini umeuliza kama kaka anavyopaswa kuuliza, kwa hiyo nitakueleza yote. Nitaanza na watu ninaofanya nao kazi, maana bila kuwajua hutaelewa lolote.

Hospitali yetu ni ndogo, na tangu watu wa Kongo waanze kuvuka ziwa mwaka jana, juu ya wale wa Burundi waliotangulia, imejaa hadi wagonjwa wanalala kwenye varanda. Mganga wetu mkuu ni Dakta Leodgar, mtu mwenye mikono myepesi ya kupasua na masikio mazito. Anapenda dawa moja ya usingizi, unga wa manjano unaochanganywa na maji na kuchomwa kwenye mshipa. Anaipenda kwa sababu inamlaza mgonjwa kimya kama gogo, na daktari akaonekana bingwa. Nimemwambia mara ngapi kwamba dawa ile inashusha presha, na kwamba mtu aliyekwisha kumwaga damu nyingi ukimchoma hiyo moyo unaweza kusimama kabla kisu hakijagusa ngozi. Tena inakata pumzi, na mimi mashine ya kupumulia sina. Nina mfuko wa mpira na mikono yangu miwili. Hujibu kwamba kitabu chake hakisemi hivyo. Kitabu chenyewe panya wamekila kuanzia ukurasa wa yaliyomo.

Wa pili ni Pastory, mtunza stoo ya dawa, ambaye huandika kwamba dawa ipo hadi siku unapoihitaji. Wa tatu ni Feliksi, karani wa shirika linalohudumia kambi ya wakimbizi. Huja kwetu kila asubuhi na jalada kwapani kuchukua orodha ya wagonjwa wake, na hukaa hadi chai ya saa nne imalizike. Shirika lenyewe limempa fulana yenye maandishi mgongoni, naye huivaa kama joho la jaji.

Nikiwa na wenzangu kama hawa, kaka, mimi hutumia ketamini. Ni dawa ya hospitali maskini, na kwa kweli ni dawa njema. Mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe, presha haianguki, huhitaji mitambo. Hulala macho wazi yakichezacheza, mate yakimjaa kinywani, nami humchoma dawa nyingine ya kuyakausha. Ubaya wake uko wakati wa kuamka. Mtu hutoka kwenye ketamini kama anayetoka kwenye homa ya kichwa. Mmoja ataimba, mwingine atalia, mwingine atakwambia ukuta unapumua au kwamba amejiona mwenyewe akiwa darini. Huropoka pia, na akishaamka vizuri hakumbuki.

Chuoni Moshi tulifundishwa la kufanya. Kabla ya sindano mwambie mgonjwa kwamba ataota, na kwamba ndoto zitapita. Mpe valiamu imtulize. Mwache aamkie mahali pa kimya, usimtikise, usimwite kwa kelele, na kaa naye. Mwalimu wetu aliongeza moja ambalo halikuwa kwenye daftari: anachokisema mtu wa ketamini ni povu la mto, usilitumie kupimia kina cha maji.

Sasa nikueleze kuhusu Siwema. Ni mama wa miaka ishirini na minane, mkimbizi kutoka upande wa Fizi, kule ng'ambo ya ziwa. Aliletwa Ijumaa moja ya mwezi wa Mei kwa lori la shirika akiwa na uchungu wa siku mbili, mtoto amelala mkingamo. Alikuwa amekwisha kutokwa na damu nyingi. Dakta Leodgar akataka unga wake wa manjano. Nikamwambia akitaka huo atafute mtu mwingine wa kuuchoma, na wa kuandika cheti cha kifo pia. Akanuna, akanawa mikono. Nikatumia ketamini, na baada ya robo saa mtoto wa kike akatoka akiwa na hasira na dunia nzima, mzima kabisa.

Wakati Dakta anafunga ngozi, Siwema akaanza kurudi. Ndani tulikuwa watatu: Dakta, mimi, na Yusta. Yusta ni mhudumu wetu, mama wa mtaa wa Kasingirima ambaye babu yake alivuka kutoka Kongo enzi za Wabelgiji. Alikuwa anapiga deki, ndoo zinagongana, na redio ya Dakta ilikuwa inaimba dirishani. Siwema akaanza kwa kunong'ona, kisha akapaza sauti kwa Kiswahili chao cha Kongo: "Selestini alifunga mlango. Selestini, fungula. Mama iko inje." Akarudia hivyo hivyo labda mara thelathini, macho wazi, akikuna meza kwa kucha.

Jumapili maneno hayo yalikuwa yamefika kambini. Jumatatu yalikuwa yameota miguu na mikono. Watu walikuwa wanasema kwamba kuna sindano hospitalini inayomlazimisha mtu kusema ukweli, kwamba Siwema wa Fizi amechomwa na amemtaja Selestini, yule fundi wa mitumbwi wa kijijini kwao, kuwa aliwafungia watu ndani ya nyumba ili askari wawachome. Moto huo Siwema hakuutaja. Waliuwasha wenyewe. Jumatatu mchana wanaume tisa walimkuta Selestini kwenye foleni ya maji wakampiga kwa miti ya mahema. Walipochoka, mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili, na mkono ule ndio alioshikia tezo la kuchongea mitumbwi tangu ujana wake.

Nilipoambiwa nilicheka kwa uchungu. Nilimwambia Dakta kwamba watu waliokimbia wauaji wamevuka ziwa zima ili waje kuwa majaji kwa ushahidi wa kichupa cha dawa. Nilisema mengi siku zile, kaka. Nilisema Feliksi ana ulimi wa kufika kambini na miguu ya kukimbia lawama, kwa sababu alipoulizwa nani kamwambia alijibu kwamba amesikia kwa wanawake wa hospitali, akainama kwenye jalada lake. Nilisema wanaume tisa kumpiga mmoja ni ushujaa wa fisi. Wote niliwadharau, na kila niliyemdharau alistahili.

Siwema alilala wodini siku nane. Hakukumbuka lolote. Siku ya nne aliposikia yaliyompata Selestini alitaka kushuka kitandani na nyuzi zake tumboni. Nilimkalisha, akanieleza, nami nakuandikia alivyonieleza. Askari walipoingia kijijini kwao yeye na watoto wake wawili walikimbilia banda la Selestini la kuhifadhia mbao na lami. Selestini akawaingiza, akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo. Mama mzazi wa Siwema hakuwa na mbio. Alifika nyuma yao, akagonga. Selestini aliangalia kwenye ufa, akaona askari wamekwisha kuingia uani, hakufungua. Siwema alimwomba, akamkuna mgongo. Hakufungua. Askari walidhani banda limefungwa na halina mtu, wakapita. "Sista," akaniambia, "mama alikufa inje, na sisi watatu tuko hapa. Miye namuchukia na namushukuru. Sasa wamemuvunja mukono kwa sababu ya mudomo wangu, na mudomo wenyewe siukumbuke."

Nilikwenda kwa Dakta nikamwambia habari hiyo ipelekwe kambini haraka. Ikapelekwa, na wale tisa wakasema basi, imekuwa bahati mbaya. Wawili walimletea Selestini ndizi.

Ubaya haukuishia kwenye mkono. Selestini alipoletwa kwetu mara ya kwanza, siku ile ya Jumatatu, nilimkuta kwenye machela. Ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mabega mapana. Nilipoinua bomba la sindano aliuliza ni dawa gani. Nikamwambia ketamini. Aliuliza kama ndiyo ile ya Siwema. Nikasema ndiyo hiyo. Akasema hataki. Nikamweleza kwamba mifupa yake haiwezi kuvutwa akiwa macho, akasema ivutwe. Ikavutwa. Watu wanne walimshika, alitafuna kitambaa hadi kikatoboka, na hakusema neno hata moja. Nadhani hilo ndilo alilotaka, asiseme neno.

Baada yake wakimbizi wengine wakaanza kukataa. Bibi mmoja mwenye jipu la paja, kijana mwenye risasi ya zamani begani. Mama mmoja mjamzito alijificha kambini hadi mtoto akafia tumboni, kwa sababu hakutaka kupelekwa "kwa Sista wa kusemesha". Hilo ndilo jina walilonipa. Dawa salama kuliko zote nilizonazo ikawa inaogopwa kuliko kisu.

Ndipo Dakta Leodgar akaitisha uchunguzi. Uchunguzi wenyewe ulichukua muda wa kunywa soda. Alisema chumbani walikuwa watu watatu, yeye hakusema, Sista Aikande ni mtaalamu, anabaki Yusta, na Yusta ana asili ya Kongo, bila shaka ana ndugu kambini. Yusta aliapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yake kwamba hakutoka na neno. Dakta akanigeukia akauliza kama mimi nilitoka na neno. Nikasema hapana. Yusta akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo, akalia getini mbele ya wagonjwa, kanga yake ya kazi mkononi.

Hapa, kaka, nimeweka kalamu chini hadi chai ikapoa, nikainywa hivyo hivyo. Nimekuandikia kurasa kadhaa za kuwadharau watu, na wewe unayenijua tangu nikiwa na meno ya utotoni huenda umekwisha kutambua kwamba ninapotukana sana kuna kitu nakificha.

Ni mimi niliyeyasema. Ile Ijumaa, baada ya kumtoa Siwema chumba cha upasuaji, nilikwenda kwenye chai ya saa nne iliyochelewa. Alikuwepo Pastory na alikuwepo Feliksi. Nilikuwa nimeshinda ubishi na Dakta, mtoto alikuwa hai, nilikuwa nimejaa kiburi hadi kooni. Pastory akauliza mgonjwa ameamkaje. Nami nikaweka kikombe, nikatumbua macho, nikaikuna meza, nikaigiza: Selestini alifunga mlango, Selestini fungula, mama iko inje. Niliigiza na ile lafudhi yake. Wakacheka. Pastory alicheka hadi akafuta machozi, na mimi nikarudia mara ya pili ili acheke tena. Feliksi alicheka kidogo, kisha akaniuliza huyo mama ni wa kijiji gani. Nikamwambia.

Na si hilo tu. Siwema nilimchoma bila kumwambia kitu chochote kuhusu ndoto. Muda ulikuwepo, wakati Dakta ananuna na kunawa. Valiamu stoo haikuwepo, kweli, lakini mdomo nilikuwa nao. Sikumwambia kwa sababu nilijisemea moyoni kwamba huyu mkimbizi, tena wa uchungu wa siku mbili, ataelewa nini. Redio sikuizima. Yusta sikumwambia aache ndoo. Mambo yote niliyofundishwa Moshi niliyajua kwa kichwa, na niliyaacha kwa sababu aliyelala pale mezani sikumhesabu kuwa mtu wa kuhangaikia usingizi wake. Dakta nilimdharau kwa kutojua. Mimi nilijua.

Nilikaa na siri hiyo wiki saba. Mwanzoni mwa Julai nilikwenda Kasingirima. Yusta nilimkuta anapaa samaki uani, ndiyo kazi aliyoipata, kuwapaa samaki wa watu. Alinikaribisha kwa heshima, akanipa kigoda. Nikamweleza yote, nikamwomba msamaha, na nililia. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kisu. Kisha akasema kwa utaratibu kabisa, "Sista, machozi yako umeyaleta huku uani kwangu ambako hakuna mtu. Mimi nililia getini. Nenda kaseme palepale getini, halafu ndiyo urudi tuzungumze." Akamwaga maji ya samaki karibu na miguu yangu, sijui kwa makusudi au kwa bahati mbaya. Kaka, sijawahi kudharauliwa na mtu kwa haki kama siku ile.

Nilikawia siku mbili zaidi, kwa woga. Siku ya tatu asubuhi, watu wa zamu zote wakiwa wanapokezana na wagonjwa wa nje wamejaa, nilisimama getini nikasema. Nilitaja Ijumaa ile, chai ile, na jinsi nilivyoigiza. Nilisema Yusta hakutoka na neno. Nilisema na kwa wakimbizi waliokuwepo kwamba sindano haitoi ukweli wala uongo, inatoa ndoto, na kwamba aliyezitembeza ndoto za mgonjwa ni mimi. Pastory alikuwa anaangalia paa. Feliksi aliondoka kabla sijamaliza. Dakta Leodgar aliniita ofisini akanilaumu kwa kuidhalilisha hospitali. Kwamba nilimdanganya, na kwamba yeye alimfukuza mtu asiye na kosa, hakugusia. Yusta amerudishwa kazini. Ananiitikia salamu, zaidi ya hapo hapana, nami sijadai zaidi. Mwamgongo nahamishiwa kama adhabu, na barua haikutaja kosa. Nitaondoka Jumatano kwa boti. Kule hakuna chumba cha upasuaji, nitafunga vidonda na kupima watoto uzito, na usingizi hapa atashika mtu atakayetoka Tabora. Nimemwandikia karatasi nne, na la kwanza nililoandika ni kuzima redio.

Lipo jambo moja lililobaki. Mkono wa Selestini haukuunga vizuri. Ulianza kutoa usaha, na mwezi wa Agosti Dakta akasema ufunguliwe, mifupa isafishwe na kupangwa upya, la sivyo utakatwa. Kazi hiyo haiwezekani mtu akiwa macho, hata Selestini. Alikaa siku tatu wodini akikataa. Siku ya nne aliagiza niitwe. Nilikwenda nikiwa tayari kwa matusi, maana alikuwa amekwisha kuambiwa nilichosema getini. Aliniambia nikae. Akaniuliza kama ni kweli mtu hawezi kujizuia. Nikamwambia ni kweli, hawezi. Akauliza ataota nini. Nikamwambia sijui, lakini nimemweleza sasa kila kitu kinachoweza kumtokea, na ndoto zikija ajue ni dawa, na sauti atakayoisikia karibu itakuwa yangu. Kisha akasema nimchome mimi, asikubaliwe mtu mwingine. Nikamuuliza kwa nini mimi, baada ya yote hayo. Akajibu kwamba wengine hawajui bado maneno yanafanya nini.

Nilimchoma asubuhi. Valiamu nilikuwa nimeitafuta mwenyewe Ujiji kwenye duka la dawa, kwa sababu Pastory alikuwa ameandika kwamba ipo. Redio ilizimwa. Dakta alifanya kazi nzuri, lazima nikiri, mkono utapona ingawa tezo atalishika kwa shida. Alipomaliza nilimwomba atoke, akatoka, nikafunga pazia, nikakaa na Selestini peke yangu.

Alizungumza, kaka. Valiamu ilimtuliza asipige kelele, lakini alizungumza kwa zaidi ya nusu saa, kwa sauti ya mtu anayejibu maswali. Nilimfuta mate, nikamshika mkono mzima, nikawa namwambia kwamba yuko Kigoma na kwamba usingizi unaisha. Alipoamka sawasawa aliniangalia usoni, akitafuta dalili ya alichokisema. Hakuuliza. Nami sikumwambia ila kwamba mkono umepangwa vizuri.

Najua utataka kujua alisema nini. Ni haki yako, maana tangu utoto sijakuficha kitu, na wewe si mtu wa kutembeza habari. Lakini hayo hutayapata kwangu, wala mama hatayapata, na mtu wa Tabora sikumwandikia.

Msalimie mama sana, mwambie asiache kujifunika kifua jioni. Wasalimie wifi na watoto, na kijana wa Mchungaji pia, mwambie alichosikia hospitalini kilikuwa kweli, nusu yake. Ukiniandikia, tuma kwa Sista Aikande, Zahanati ya Mwamgongo, Kigoma. Boti huchelewa, lakini barua hufika.

Mungu awatunze hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Aikande